Sepetu Tatu za Tope Mbele ya Wakaguzi

Alhamisi tulimzika Ngaremara mchochea moto wa kiwanda cha ngozi, yule mrefu aliyekuwa akicheka na kukohoa kwa pamoja. Kifua ndicho kilichommaliza. Daktari hakuandika kwamba ni moshi, na mimi niliyeachia shule darasa la tatu siwezi kuandika kile daktari ameacha. Naandika nilichoona.

Kiwanda kilikuja baada ya kaunti kuanza, wakati kila mwanasiasa alikuwa akituahidi kazi, na nisidanganye, kazi ilikuwako. Mimi nilikuwa na mkokoteni na punda wawili, mmoja mvivu kupindukia, lakini huyo tumwache. Ngozi zikishaoshwa kwa madawa, chini ya mashimo ya kuoshea hubaki tope la kijani linalonuka. Kulipeleka mbali ni taabu, basi mwenye kiwanda akaamuru likaushwe juani, lichanganywe na makaa ya mawe na lichomwe kwenye boila, lile tanuri la kuchemshia maji ya kiwanda. Mimi nilibeba, marehemu akatia motoni. Moshi wake ulikuwa wa manjano, unakwaruza koo mpaka kwa majirani.

Sasa, huku kwetu jivu si takataka. Mama mmoja Mborana, muuza maziwa, alikuwa akichukua jivu la boila kuwapaka mbuzi wachanga ili viroboto watoke. Siku moja alikuja getini na gunia lake, akauliza kama anavyouliza mtu yeyote wa mifugo: "Baba, hii jivu ni ya mti gani?"

Marehemu akanitazama kwanza. "Mama, hii haina mti."

"Jivu haina mti? Kwani nyinyi mnachoma mawe?" Akacheka.

"Ndiyo, mawe. Na uchafu ya ngozi."

Mama akaacha kucheka. "Na mbuzi inalamba mtoto wake," akasema, akamwaga gunia lote pale pale, akaenda bila kuaga. Tangu siku hiyo mwenzangu alipungukiwa maneno.

Watu wa mazingira walikuwa wakija na mashine ya kupima moshi, lakini kwanza walipiga simu. Kila siku ya ukaguzi meneja alipita akisema, "Leo makaa tupu," na mkokoteni wangu ukafichwa nyuma ya stoo. Moshi unatoka mwembamba, karatasi inatiwa sahihi, chai inanywewa. Ndivyo ilivyokuwa, hadi siku moja ya ukaguzi marehemu alipokuja nyuma ya stoo akajaza sepetu tope. Afisa wao, msichana wa watu, alikuwa kando ya bomba akisoma mashine yake. Nikamshika marehemu mkono.

"Wewe, una watoto watano!"

"Na hao pia wanapumua," akasema. Akatia moja motoni. Akarudi, akatia ya pili. Ya tatu ilipoingia, moshi ulikuwa umeshageuka na mashine ikapiga kelele. Meneja akaja mbio: "Huyu amelewa! Hii ni makosa yake!"

Afisa hakumsikiliza. "Mzee, umeweka nini?"

"Ile tunaweka kila siku."

Basi akanigeukia mimi. "Na wewe mzee wa punda, ni kweli? Kila siku?"

Mikono yangu ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko. Nikasema, "Mimi nabeba tu, madam. Sijui inaenda wapi."

Likabaki neno la marehemu dhidi ya neno la meneja. Alifukuzwa siku hiyo hiyo kama mlevi, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe, na tope likaendelea kuchomwa mpaka kiwanda kilipofungwa kwa sababu zake chenyewe. Yule afisa alinieleza baadaye kwamba moto haumalizi sumu ya tope. Huigawa tu, nyingine ikapanda na moshi wa makaa, nyingine ikabaki kwenye jivu. Marehemu hakunilaumu hata mara moja. Tulipokutana aliuliza hali ya punda, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kaburini padre aliuliza nani ana neno. Nilisimama nikasema ni kweli, ilikuwa kila siku, na mimi ndiye niliyebeba. Mjane akanigeukia. "Leo ndio unakumbuka, mzee?" akasema, akainama kuchukua udongo.

Mashine ya serikali hupima siku iliyoletwa. Siku zile zingine zinajulikana na sisi tunaobeba na kuchochea. Wewe unayebeba mahali fulani leo, ukiulizwa, jibu hapo hapo, aliye karibu nawe akiwa bado anaweza kukusikia.