Sura ya mke wangu ilivyotumika kuwatapeli wazazi wa Kirando

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hii sikusimuliwa kijiweni. Imetokea nyumbani kwangu, na nimeomba ruhusa ya mke wangu kabla ya kuandika. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina duka la pembejeo hapa Sumbawanga mjini. Mke wangu, tumwite Madam Reda, anafundisha fizikia sekondari moja upande wa Mollo. Shule yao ilikuwa na ushirikiano na shule moja ya Mbala, Zambia, ukivuka mpaka tu. Walimu wa pande zote mbili wanajirekodi wakifundisha, video zinawekwa mtandaoni, watoto wa huku na kule wanasoma bure.

Madam alikuwa moto, wakuu. Msuguano anaueleza kwa jiwe la kusagia ulezi, mtoto wa Kifipa anaelewa hapo hapo. Hadi Kirando na Wampembe, huko ziwani ambako mwalimu wa fizikia ni adimu, watoto walikuwa wanamfuatilia.

Kisha ikaja clip.

Sura yake. Sauti yake. Anasema kuna ufadhili wa masomo nje ya nchi kwa watoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, mzazi atume ada ya usajili kwenye namba fulani.

Hakuwahi kutamka maneno hayo. Wajanja walichukua video zake wakazipika upya kwa akili mnemba.

Alipoiona mara ya kwanza alicheka. "Hebu sikiliza hicho Kiswahili, mimi naongea hivyo? Watu wananijua, watapuuza."

Hawakupuuza.

Jumamosi moja mama mmoja wa Kirando, mwanika dagaa, akaingia dukani na binti yake Zuhura. Binti kabeba begi, kavaa sweta jipya. Waliambiwa huko anakokwenda kuna baridi.

"Baba, tumefika," mama akasema. "Tumeelekezwa hapa kwa Madam. Safari ni lini?"

Nikampigia mke wangu, akaja mbio.

"Mama yangu, mimi sijawahi kukutumia ujumbe wowote."

"Nimekuona kwa macho yangu, Madam. Umesema mwenyewe. Mbona unanikana?"

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya mfuko wa mbolea, akajifunika uso kwa kitenge. Kumbe alikuwa ameuza injini ya boti aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwanza usajili, kisha viza, kisha tiketi. Zuhura alisimama mlangoni na begi lake, hakulitua.

Tukaongozana wote polisi. Walitupokea vizuri, sitawasingizia. Ila namba ile ilisajiliwa kwa jina la bibi mmoja asiyejua lolote, na account iliyorusha clip ilifunguliwa nje ya nchi. Afande akatuambia wazi: "Hapa mkono wetu unaishia mpakani. Lazima tuwaombe wenzetu, nao wawaombe wenye mtandao, ambao wako nchi nyingine kabisa."

Wakuu, mwizi anavuka mpaka kufumba na kufumbua. Ombi la msaada linavuka kwa miezi.

Miezi hiyo sitaisahau. Mollo walisema Madam ana mgao wake. Kuna aliyeandika TAPELI kwa chaki kwenye mlango wa darasa lake. Alifuta mwenyewe, akaingia kufundisha.

Aliyetukwamua ni mwalimu mwenzake wa Mbala, tumwite Mwalimu Chanda. Alipiga simu na kile Kiswahili chao cha mpakani: "Madam, wewe unajua Kibemba?"

"Salamu tu."

"Basi kwenye clip ya huku unaongea kama umezaliwa Kasama, kwa Wabemba wenyewe."

Matapeli walikuwa wamemtumia na kule pia, kwa lugha ambayo haijui! Chanda alikuwa ameshaipeleka clip polisi ya kwao. Polisi wa pande mbili wakagundua wana kesi moja, wakashirikiana, na baadaye kuna watu walikamatwa nchi ya tatu. Mkuu wa shule akatangaza mstarini kuwa Madam ni msafi. Walimpigia makofi.

Lakini Zuhura alikuwa amechaguliwa kidato cha tano. Hakuripoti, si anasubiri ndege? Siku walipofika dukani kwangu, muda wa kuripoti ulikuwa umeshapita, nafasi imekwenda.

Tulishuka Kirando kumwonyesha ile clip ya Kibemba. Tulimkuta anageuza dagaa kichanjani. Akaitazama hadi mwisho.

"Kwa hiyo hukuwa wewe, Madam."

"Sikuwa mimi, mwanangu."

"Bora ungekuwa wewe. Ningejua wa kumlaumu."

Akarudi kwenye dagaa wake.

Tuliporudi nyumbani mke wangu alifuta video zake zote, hadi ile ya jiwe la ulezi.

Nilichojifunza: ukiona sura yako inaongea usichosema, usicheke. Ripoti siku hiyo hiyo, watangazie watu, wajulishe na wenzako wa nje, maana mhalifu hana nchi. Nasi wazazi, ufadhili unaoomba hela kwanza si ufadhili.

Kuna mwalimu humu aliyewahi kupitia haya? Uliwezaje kusimama tena mbele ya kamera? Andikeni tu, hata kwa ukali. Madam amekaa hapa pembeni, namsomea kila comment.