Kiti cha Pili

Kwa miaka tisa Thuwaiba aliangalia picha alizoonyesha mumewe bila ya kukaa na mumewe. Mahfoudh alikuwa akiendesha mashine katika senema moja ya mjini, juu kule, nyuma ya tundu la ukuta. Yeye alikuwa chini, kwenye onyesho la Jumapili mchana la wanawake peke yao, lile walilokuwa wakiliita zanana. Alikuwa akifika mapema, anachagua safu ya nne kutoka nyuma, anavua buibui lake na kulitandaza juu ya kiti cha pembeni. Akija mtu kutaka kukaa, humwambia kina mwenyewe.

Shoga yake Muzdalifa alimcheka kila wiki. "Mwenyewe yupi? Yule wa juu? Atashuka na mwanga?"

Thuwaiba naye alicheka, lakini buibui hakuliondoa. Siku za maonyesho ya watu wote hakwenda, maana angekaa na nani? Mahfoudh akirudi nyumbani, Thuwaiba humuuliza picha ilikuwaje, na yeye humjibu kwamba ilikatika mara mbili, na mara ya pili aliiunga kabla watu hawajaanza kupiga miluzi. Hadithi yenyewe alikuwa haijui. Aliijua mikato tu.

Senema ikafungwa. Mahfoudh akapata kazi ya umeme katika hoteli, binti yao Maryam akazaliwa, akakua, akaolewa Mtoni. Thuwaiba alishona kofia kibarazani kwake, kofia za vitobwe, vile vitundu vidogo vya sindano, na watu wakizijua kwa kuzitazama tu kwamba ni za mkono wake. Televisheni ilipoingia nyumbani Mahfoudh hakuwahi kukaa kuitazama. Alisema ile si kuangalia picha, ile ni kuchungulia.

Kisha vitobwe vikaanza kumpotea. Thuwaiba alidhani uzi ni mbaya, akabadilisha duka. Akadhani sindano ni nene. Siku aliyomkanyaga paka wa jirani aliyekuwa amelala kushotoni kwake, mchana kweupe, Maryam alimchukua hospitali, na Mahfoudh akafuatana nao. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema ni presha ya macho, jicho la kushoto limeshakwenda, na la kulia liko njiani. Dawa ya matone itachelewesha lakini haitarudisha. Alipoulizwa muda gani, akasema mwaka, huenda pungufu.

Walirudi kwa miguu. Walipofika kwenye uchochoro wao Thuwaiba alisema:

"Mahfoudh, nataka tukae mimi na wewe tuangalie picha moja. Mwanzo mpaka mwisho. Kabla."

Asubuhi ya pili Mahfoudh aliamka akaanza kuitoa mizigo stoo.

Stoo ile ilikuwa chini ya nyumba, kando ya ngazi, na upana wake ni ule ule wa vyumba vyote vya Mji Mkongwe, yaani pale boriti ilipokomea ndipo fundi wa zamani alipojenga ukuta. Hatua tatu upana, hatua tano urefu. Mahfoudh aliipima kwa futi, akaipima tena kwa shubiri kama kwamba futi ingemdanganya, kisha akachora kila kitu kwa chaki sakafuni: picha hapa, viti hapa, mlango ufungukie nje usile nafasi. Viti alikuwa navyo tangu senema ilipouza vyombo vyake, vitatu vya miguu ya chuma vilivyoungana. Vitatu havikuenea. Alikikata cha tatu kwa msumeno wa chuma na kulisugua jeraha lake kwa tupa mpaka likawa laini.

Thuwaiba alishona mito ya sufi, sufi nyingine wakaitia katika viroba vya kitambaa vya kutundika ukutani ili sauti isigonge mawe. Ukuta ulitaka kuwa mweusi ili mwanga usirudi juu ya picha, naye akatoa mabuibui yake matatu ya zamani. Moja lilikuwa lile la Jumapili. Mahfoudh alilipigilia misumari upande wa kulia, akarudi nyuma hatua moja, akasema linafaa.

Ulikuwa bado mwezi wa pili tangu waende hospitali, na jicho la kulia lilikuwa bado linasoma majina kwenye vifurushi vya majani ya chai.

Maryam alileta projekta ndogo aliyoinunua kwa mtu. Walipoiwasha ndani ya stoo, picha ikatoka ndogo kama sinia, kwa kuwa chumba ni kifupi na mashine haikupata umbali. Thuwaiba alisema inatosha, wasogeze viti karibu, waiangalie hivyo hivyo. Mahfoudh alikataa. Alisema atatoboa ukuta wa nyuma, mashine aiweke nje, kwenye ngazi, imulike kupitia tunduni. Ukuta ulikuwa na unene wa dhiraa moja na zaidi. Alichukua wiki nne, kwa patasi, akiogopa kuibomoa nyumba.

Kisha ikaja habari ya ukuta wa mbele. Ulikuwa na mabonde na vilima kama kuta zote za mawe na chokaa, na yeye alitaka uwe sawa kama kioo. Alinunua saruji. Thuwaiba, ambaye baba yake alikuwa fundi chokaa na alikuwa akimchukua kazini alipokuwa mdogo, alisimama mlangoni akamwambia:

"Ukuta huu unapumua. Ukiupaka saruji utauziba pumzi, na maji ya ndani yatatafuta pa kutokea."

"We nishonee mito, Bi Thuwaiba. Kazi ya ukuta niachie."

Aliipaka, na kwa siku kumi ilikuwa nzuri kweli. Aliziba na vidirisha vya juu ili usiingie hata uzi wa mwanga. Ikaingia masika. Ukuta ukatoka jasho, ukaota chumvi nyeupe, ukavimba, na asubuhi moja plasta nzima ikaanguka juu ya viti. Jirani yao Raza alikuja kutazama, akasema ukuta wa aina hii una hasira zake. Mahfoudh alikaa juu ya kifusi.

Thuwaiba akamletea chai. Akamwambia watundike shuka, waangalie leo, saa hii, mashine ipo na umeme upo.

"Mimi sionyeshi picha juu ya shuka," alisema Mahfoudh. "Nikuonyeshe kitu kibovu, ndicho ubaki nacho?"

Thuwaiba hakubishana naye. Alijua kwamba mtu huyu anaogopa, na kwamba kila anaposhika patasi hofu inampungua. Alijua pia kwamba hofu yake inakula siku ambazo si zake.

Chokaa ililowekwa, ikangojewa. Ukuta ukakwanguliwa, ukaachwa ukauke, ukapakwa tabaka la kwanza, ukaachwa tena. Katika kungojea huko Thuwaiba aliacha kushona kofia. Kisha akaacha kutoka peke yake. Uso wa Maryam ukawa kivuli chenye sauti ya Maryam. Nyumbani alitembea vizuri, kwa kuwa kila kizingiti alikijua, na Mahfoudh aliyemwona akitembea vizuri hakuuliza habari ya macho. Naye Thuwaiba, alipochoka kungoja kuulizwa, hakusema.

Chumba kilikamilika siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Thuwaiba alioga, akajifukiza udi, akatia asumini kichwani. Mahfoudh alimshika mkono mpaka kitini, akampa kikaratasi cha tiketi alichokikata mwenyewe. "Nambari mbili," alimwambia. Thuwaiba akakipapasa. Kisha akavua kanga yake ya juu akaitandaza juu ya kiti cha pembeni.

Akasikia ndara zikitoka nje na kupanda ngazi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye mashine. Mashine haiachwi peke yake."

Muziki ukaanza, mzuri, haugongi popote. Mbele yake pakawa na weupe, kama taa nyuma ya nguo mbichi.

"Imekaa sawa?" Mahfoudh aliuliza tunduni.

"Bado."

Akaizungusha lenzi. "Na sasa?"

"Bado."

Akaizungusha tena, kulia, kushoto. Mtu wa kazi yake hahitaji kuulizia. Alikuwa akiiona picha vizuri tangu mwanzo, imekaza mpaka nywele za watu zinahesabika. Aliuliza mara ya tatu, taratibu, na Thuwaiba akamjibu vile vile. Mara ya nne hakuuliza.

"Mahfoudh," alisema Thuwaiba, bila ya kugeuka. "Mimi picha sikuitaka sana. Nilitaka tukae."

Juu ya ngazi feni ya mashine ilikuwa ikivuma. Huko ukutani watu walikuwa wakizungumza Kihindi na kulia. Thuwaiba alingoja kusikia ndara zikishuka. Alingoja wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili, na ndara hazikushuka. Mkono wake ulikwenda kwenye kiti cha pembeni, ukapapasa pale msumeno ulipopita, pakiwa laini, kazi ya mtu anayejua kazi.

Chumba kilikuwa na baridi ya chokaa mpya. Mwishowe akaiondoa kanga kwenye kiti, akajifunika mabegani.