Kibla ya Badru

Pale Bungu, mahali mabasi ya kusini yanaposimama abiria wanunue korosho, yuko fundi wa kuziba pancha aitwaye Mrisho. Jicho lake la kushoto halipo. Mwaka jana dereva mmoja wa lori, mgeni wa njia ile, alimuuliza kwa utani kama jicho hilo ameliweka rehani. Mrisho aliweka chini chuma cha kufungulia tairi, akainuka taratibu, akampiga kichwa kimoja cha pua. Dereva alikaa vumbini akiwa ameshika uso, damu ikimchuruzika katikati ya vidole, na hakuna muuza korosho hata mmoja aliyemwonea huruma. Watu wa Bungu wanaijua habari ya jicho lile. Asiyeijua na aulize kwa adabu, maana yenyewe ni hii.

Mrisho ni Mndengereko wa deltani, mzaliwa wa Mbwera, mtoto wa matope. Kazi yake ilikuwa kaa. Kaa wa mikoko hufuatwa shimoni mwake, mkono ukaingia mpaka begani na ndoano, na asiye mwepesi hutoka na vidole pungufu. Wakishatolewa hufungwa magando kwa kamba, hupangwa kwenye matenga, hupelekwa Dar, na huko hupanda ndege wakiwa hai kwenda kuliwa Asia. Mrisho alipenda kusema kwamba kaa wa Rufiji wamesafiri kuliko wabunge.

Alimwoa Zuena wa Bungu, binti wa Kimatumbi, na pamoja na mke akapata shemeji. Badru alikuwa kaka yake Zuena, kijana mwembamba mwenye sauti nzuri ya kusoma Kurani, na mtoto wa kiume pekee wa mama yao, Mashavu. Mrisho na Badru walitaniana mchana na usiku. Badru alimwita Mrisho mla matope, Mrisho alimwita Badru shehe wa mihogo, na aliyemgusa mmoja alikuwa amewagusa wote wawili. Basi alipokuja wakala kutafuta vijana wa kazi ya uvuvi katika bahari za mbali, walijiandikisha pamoja.

Jioni ya kuaga, Mashavu alizungumza na mkwewe akiwa nyuma ya pazia la mlango, kama desturi inavyotaka, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni.

"Mrisho, n'nakupa mwanangu," alisema. "Akirudi mzima, alhamdulillahi. Asiporudi, miye sina la kumwambia Mungu. Lakini nnataka nijue kalala wapi."

"Mama, usijitabirie mabaya."

"Sitabiri. Nnakwambia nnachotaka."

Mrisho akaahidi.

Chombo walichopangiwa kilikuwa kikuukuu, chenye kutu, na kilivua katika Bahari ya Kusini ya China. Mabaharia walitoka nchi mbalimbali, na Waislamu humo walikuwa wao wawili tu. Sasa, bahari ile ina wazimu wake. Kule, fungu la mchanga ambalo kwetu hata ndege hangelitagia yai lina wenyewe wawili au watatu, kila mmoja na ramani yake, na nyuma ya hao wamo wakubwa wa dunia na manowari zao, wanatazamana kama watu waliofumaniana. Bendera sitazitaja. Mrisho mwenyewe aliwatambua kwa rangi tu: kulikuwa na wenye meli nyeupe na wenye meli za kijivu. Wa kijivu ndio waliomwamuru nahodha, kwa redio, atie nanga karibu na fungu moja na asibanduke. Chombo cha uvuvi kikitia nanga ni kama mtu aliyekalia kiti chako, kumwondoa kuna kazi.

Mtu wa Rufiji anajua viboko madume wawili wakigombea dimbwi hawauulizi mtumbwi uko upande wa nani. Mrisho alimwambia Badru hivyo hivyo, tena zaidi ya mara moja. Lakini mtumbwi haukuwa wao.

Meli nyeupe ilikuja asubuhi, bahari ikiwa shwari. Haikupiga risasi. Ilifungulia mzinga wa maji, na asiyewahi kuona maji yakirushwa kwa nguvu ile atacheka akiambiwa kwamba yanaua. Kioo cha chumba cha usukani kilipasuka kikamwingia nahodha shavuni. Baharia mmoja alirushwa sitahani kama dagaa, akagonga chuma, mkono wake ukavunjika kwa mlio uliosikika kote. Nahodha, damu ikimtiririka shingoni, akapiga kelele kamba ya nanga ikatwe. Aliyekuwa karibu na omo, mbele kabisa ya chombo, ni Badru. Akachukua panga, akainama, akaanza kukata.

"Badru, lala! Lala chini!" Mrisho aliita.

Badru alipunga mkono, kwamba bado kidogo. Hapo ndipo meli nyeupe ilipowagonga. Ililipanda omo la chombo, mbao za sitaha zikapasuka, mashine ya kuvutia nanga ikang'oka na kuteleza pamoja na vyuma vyake vyote, ikambana Badru kifuani dhidi ya ukingo. Mrisho alimfikia akitambaa. Alivuta, akasukuma, akaingiza bega, akalia kwa hasira. Chuma hakikusogea. Simu ya Badru ilikuwa katika mfuko wa kifuani, na vipande vya kioo chake vilikuwa vimeingia nyamani. Damu ilimtoka puani na mdomoni, ikioshwa na maji ya chumvi, ikitoka tena.

"Usinitupe majini, shemeji," alisema Badru.

Mrisho akamtamkisha shahada. Badru aliifikisha nusu.

Meli nyeupe iliporudi nyuma, boti ya wenye meli za kijivu ilifika upesi, upesi ambao dakika chache kabla haukuonekana. Haikuleta daktari, ilileta kamera. Wakampiga picha Badru akiwa bado amebanwa, wakamzunguka kwa juu na kwa pembeni, na Mrisho alipojaribu kumfunika uso kwa shati lake mmoja akamwondoa kwa kumsukuma kifuani. Kwenye sitaha ya meli nyeupe nao walikuwa na kamera yao. Kila upande ulikuwa unakusanya ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa mtoto wa Mashavu.

Jokofu la samaki lilikuwa limekufa kwa kishindo kile, nahodha akaamua maiti itupwe baharini kabla jua halijawa kali. Mrisho aliokota panga la Badru, akasimama mbele ya mwili.

"Atakayemgusa nitamkata mkono," alisema kwa Kiswahili, na wote walielewa.

Mpishi wa chombo, Mfilipino aliyejua Kiingereza na Kiswahili kidogo alichookota kwa hao wawili, akamtafsiria afisa wa kijivu kwamba mtu huyu anataka ndugu yake azikwe ardhini. Afisa alitazama lile fungu la mchanga. Akatabasamu. Akasema azikwe hapo, tena leo hii, na akatoa mabeleshi, akatoa watu wa kuchimba, akatoa hata saruji. Mrisho alimwombea dua mtu yule. Masikini Mrisho! Hakujua kwamba katika ugomvi wa ardhi, aliye na maiti udongoni ndiye huitwa mwenyeji.

Alimwosha Badru mwenyewe, kwa maji ya kunywa, akamkafini kwa mashuka na kuyafunga kichwani, kiunoni na miguuni. Likabaki jambo moja, kumwelekeza kibla. Chomboni, kibla ilikuwa kazi ya Badru. Chombo hugeuka, leo omo liko huku, kesho kule, na yeye ndiye aliyeangalia simu yake, akasimama, Mrisho akasimama nyuma yake bila kuuliza. Sasa simu ilikuwa vipande. Lakini Mrisho hakuona tatizo. Pwani yetu kibla ni kaskazini. Misikiti yote aliyowahi kuingia, kuanzia Mbwera hadi Ikwiriri, inatazama kaskazini. Wazee wakitaka kutaja upepo wa kaskazini husema unatoka kibla, neno ni lile lile. Hakuwahi kufikiri kwamba kibla ni mahali, na kwamba ukienda mashariki sana, mahali hapo panabaki nyuma yako. Akamuuliza mpishi kaskazini ni wapi, mpishi akaangalia dira, akamwonyesha. Mrisho akaelekeza shimo, kichwa mashariki, miguu magharibi, akamlaza Badru kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini. Akafunika kwa mbao za makasha ya samaki, akamsalia peke yake.

Alipomaliza, wale askari wa kijivu walisimika juu ya kaburi nguzo ya saruji na kuipaka rangi za bendera yao. Wakapiga picha tena. Hawakuzika mtu, wale. Walipanda bendera, na Badru akawa mbolea.

Haikupita wiki, meli nyeupe ikashusha watu funguni. Mrisho aliwaona kutoka sitahani, chombo kikiwa bado kinasubiri kukokotwa. Wali­ivunja nguzo kwa nyundo. Halafu askari wao mmoja alilizunguka kaburi, akapima kwa macho, akaonyesha huku na huku, akamwambia kitu mkubwa wake, na mkubwa akacheka. Wakaanza kuchimba.

Mrisho alijitupa majini. Alifika mchangani akihema, akaokota beleshi lao, akamtia wa kwanza la bega, mfupa ukalia. Wa pili alimpata mgongoni. Wa tatu hakumwona, kwa sababu kitako cha bunduki kilikuja kutoka kushoto, kikaingia katika jicho. Alianguka, akainuka, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatapika damu, wakamkandamiza uso mchangani, mmoja amemkalia shingo. Kwa jicho lililobaki aliona mbao zikitupwa. Aliona shuka.

"Badru!" alilia. "La ilaha illallah! Mwacheni! La ilaha illallah!"

Yule askari aliyelipima kaburi aligeuka ghafla. Alikuwa ameshayaona yale mafundo ya sanda, na sasa aliyasikia maneno. Akaja akapiga magoti mbele ya Mrisho.

"Muslim?" aliuliza.

"Muslim! Yule, Muslim!"

Askari akashika kichwa. Akachora mchangani kwa kidole jinsi kaburi lilivyolazwa, akafungua mikono, kwamba kwa nini hivi?

"Kibla," alisema Mrisho, akanyoosha mkono kaskazini.

 Macho ya yule mtu yalijaa machozi. "Kibla," alisema naye, neno lile lile, na akanyoosha mkono wake magharibi.

Ndipo Mrisho alipoelewa. Askari yule alikuwa amewaambia wenzake kwamba wenye meli za kijivu wanadai wamezika Mwislamu, nao Waislamu wa upande ule huzikwa wakitazama magharibi, kwa hiyo kaburi hili si kaburi, ni hila ya adui, chimbeni bila hofu. Kama Badru angelazwa sawasawa, huenda asingeguswa. Huenda. Askari alimkimbilia mkubwa wake, akamsihi, akamshika hata mkono. Mkubwa alimpiga kofi. Kaburi la uongo lilikuwa la kuchekwa tu, lakini la kweli ndilo lisiloweza kuachwa pale. Wakamtia Badru katika mfuko mweusi, wakamburuta hadi kwenye boti, miguu ikigonga matumbawe. Hakuna ofisi wala ubalozi uliowahi kusema amepelekwa wapi.

Jicho lilitolewa katika hospitali ya nchi ambayo Mrisho hakupata hata kulijua jina la mji wake. Alirudishwa Dar, akapanda basi hadi Bungu, akaenda moja kwa moja kwa Mashavu, bandeji ikiwa bado usoni. Zuena alimpokea mlangoni, akaona yuko peke yake, akaketi chini palepale. Mashavu hakubaki nyuma ya pazia. Alilipasua kwa mkono wake, akatoka, akakaa mbele ya mkwewe, uso kwa uso.

"Shikamoo, mama."

"Mwanangu kalala wapi?"

Mrisho alimweleza yote na hakuficha hata moja. Alieleza maji, chuma, shahada iliyokatika, fungu, nguzo, mfuko mweusi. Zuena alilia kwa sauti. Mashavu alisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo siku alizokaa kaburini," alisema, "alikuwa katazama wapi?"

"Kaskazini, mama. Kama hapa kwetu."

"Na kaskazini ya huko kuna nini?"

"Kuna China, mama."

Mashavu aliinuka akamchapa kofi, upande ule ule wa bandeji. Kidonda kikafunguka, damu ikaloanisha kitambaa. Mrisho hakuinua mkono. Akamchapa la pili, kwa nguvu zaidi, Zuena akapiga ukelele. La tatu halikufika sawasawa, mkono wa yule mama ulibaki umelishika shavu la mkwewe, damu ikimpita vidoleni.

"Ungemuuliza mtu," alisema. "Mrisho, baba, ungemuuliza mtu."

"Hapakuwa na wa kumuuliza, mama. Aliyekuwa anaijua kibla ni yeye."