Blanketi Nililoliacha Kericho

Sikuwa nimelewa. Sisi ni Wasabato, pombe sijui hata inaonjwaje. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye mlima wa kuingia Ikonge. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Nilikuwa karani wa duka pale Nyamira, na starehe yangu ilikuwa baiskeli. Kila likizo nilizunguka Kisii, Keroka, hadi Kericho, na mzigo wangu wote uliingia kwenye mfuko mmoja wa kitambaa: pampu, viraka na gundi, shati moja, ndizi mbivu. Wenzangu walinicheka, eti nasafiri kama mtu anayetoroka. Mimi nilijivuna. Kila kitu nilikipima kwa mkono, na kikiwa kizito kinabaki.

Basi ndugu yangu mdogo, Mogaka, akafa kwa homa kule Kericho alikokuwa akichuma majani chai. Tulimzika nyumbani. Tangu siku hiyo mama hakulala. Alitetemeka kwa baridi hata juani. Akaniambia, "Mwanangu, nenda uniletee blanketi la Mogaka. Nilimnunulia mimi. Nikijifunika hilo nitalala."

Nikaenda, nikalala kwa askari wa geti la shamba la chai, mzee aliyekuwa rafiki wa Mogaka. Asubuhi nikalishika lile blanketi. Lilikuwa zito, tena limelowa mvua. Nikafikiria milima yote ile. Nikamwachia yule mzee, nikachukua viatu vya Mogaka na barua zake tu. Mama ningemwambia limeibwa. Naona aibu kulisema hadi leo.

Na niamini, sijawahi kuendesha baiskeli nyepesi vile. Milima niliipanda nikipiga mluzi. Nikajisemea, unaona faida ya kuacha mizigo?

Karibu na Ikonge mvua ikanyesha kidogo, kisha ukungu ukatanda. Nikashuka niikokote baiskeli, na bado ilikuwa nyepesi. Ndipo nikasikia mtu akihema nyuma yangu. Kwetu mtu akikukuta mlimani hushika keria, pale pa kufungia mzigo nyuma ya baiskeli, akakusukuma, hata kama hamjuani. Nikasema asante bila kugeuka.

"Mzigo wako ni mdogo," akasema kwa Kikisii, meno yakigongana kwa baridi. "Blanketi umeliweka wapi?"

Ilikuwa sauti ya Mogaka. Wewe ungefanya nini? Mimi nilidanganya. Nikasema, "Liliibwa."

Baiskeli ikawa nzito papo hapo, ikanirudisha nyuma hatua mbili. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu.

Nilirudi Kericho nikilia, nikafika giza likiingia. Mzee wa geti alinipa blanketi, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Na mwenzako yuko wapi?" akauliza. "Yule aliyekuwa akikusukuma ulipotoka asubuhi. Uso sikuuona."

Kesho yake usiku mama alijifunika, akalala hadi jua likapanda. Mimi ndiye sikulala. Tangu hapo, hata nikienda mikono mitupu, mlima ule naupanda nikihema kama ng'ombe, na hakuna anayeshika keria. Huwa nasimama katikati nasikiliza, kisha naendelea.

Wewe unayefunga mfuko wako wa safari, acha sufuria, acha shati la pili, hata sabuni acha. Lakini mama akikutuma kitu cha mtoto wake aliyekufa, usikipime kwa mkono. Kibebe.