Vitabu Viwili na Zamu ya Palizi

Nguo za mume wangu ziligawanywa baada ya mazishi, kama ilivyo desturi yetu. Koti lilikwenda kwa kaka yake, viatu kwa mpwa wake, kofia sijui nani aliichukua. Vitabu hakuna aliyevitaka. Ndiyo maana nimebaki navyo viwili, kimoja chembamba chenye jalada la manjano, kingine kinene ambacho jalada lake lilishatoka. Vyote ni vya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo sijapata kuvisoma. Navijua kwa mdomo wake, maana alikuwa akisoma ukurasa kisha ananieleza kwa Kigusii huku nikimenya ndizi. Nikisema kitabu kilisema hivi, msomaji ajue kwamba pengine ni yeye aliyesema.

Tulikuwa Gesima, upande wa Kisii, miaka michache baada ya uhuru. Zamani chai lilikuwa zao la wazungu. Sasa kila mtu alikuwa na kipande chake. Miche ikiwa bado midogo, magugu huinuka haraka kuliko chai yenyewe, na mtu mmoja hayamalizi. Kwa hiyo sisi wanawake wa kilima kile tulikuwa na egesangio, yaani kikundi cha zamu: leo tunapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko unarudi mwanzo. Malipo hakuna. Mwenye shamba anatoa uji wa wimbi, basi. Na kikundi hicho hicho ndicho kilichokuja na kuni na maji mtu alipofiwa.

Kitabu cha manjano kilitoka Kisii mjini, kwa Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa na kuweka vitabu vichache kwenye rafu ya nyuma.

"Soma hii, bwana," alimwambia. "Mimi nasoma, ndugu yangu nasoma. Angalia duka."

Mume wangu aliliangalia duka, likiwa limejaa mpaka darini, akakinunua.

Kilikuwa kitabu cha kujiendeleza. Kilisema kesho ya kila mtu imo mikononi mwake mwenyewe, kwamba wakati ni mtaji, na kwamba watu wanaokuzunguka ni magunia uliyobebeshwa mgongoni. Kulikuwa na sura nzima juu ya ubunifu. Mtu akae peke yake kila asubuhi, mahali penye utulivu, asubiri wazo jipya. Mume wangu alikuwa mtu wa kutii alichosoma. Akasafisha pembe moja ya ghala la mahindi, akaweka kigoda, na kila alipomaliza kukamua ng'ombe aliingia humo na penseli. Watoto waliambiwa wanyamaze.

Akitoka namwuliza, "Wazo limekuja?"

"Liko njiani."

"Limeondokea wapi, Mombasa?"

Alicheka. Hakuwa mtu wa hasira, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumkatalia aliponiambia, "Mama watoto, toka kwenye egesangio. Unatumia nguvu zako kuwaendeleza wengine. Tutapalilia wawili, mimi na wewe, na tutawapita."

Magugu sikuyaogopa sana. Niliogopa kubaki mtu asiye na wenzake. "Na tukifiwa?" nikamwuliza.

"Nani anakufa?" akasema.

Kiongozi wa kikundi alikuwa mke wa kaka yake mkubwa. Nilipomweleza aliweka jembe chini. "Shemeji amekuwa mzungu lini?" Kisha akasema taratibu kwamba watanisubiri mpaka mzunguko ule uishe. Ukiisha bila mimi, wataanza mwingine, nami sitahesabiwa tena.

Basi tukapalilia wawili. Sitamsingizia uvivu. Alidamka kabla yangu na kuinama mpaka mgongo ukamkatika, lakini tulipofika bondeni, juu magugu yalikuwa yameota tena. Ng'ambo ya pili tuliwasikia wanawake wakifanya kazi. Mmoja alirusha mstari wa wimbo, mwingine akauongezea wake, wa tatu akaupindua, na majembe hayakusimama. Asubuhi moja upepo ulituletea wimbo wa kuku aliyeingia ghalani. Kuku huyo ameatamia tangu masika, hana yai, ameatamia penseli.

Mume wangu alisimama wima. "Huyo ni mimi?"

"Sioni mwingine mwenye penseli."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye magugu. Kisha akauliza, "Wameutunga lini?"

"Si sasa hivi, wakipalilia?"

Siku zile zile mwalimu mmoja kijana aliyefundisha karibu na Kebirigo alimwazima kile kitabu kinene. Baadaye alihamishwa akakisahau, nacho kikabaki kwetu. Hicho kilihusu himaya na mabepari. Kilisema waliotwaa nchi za watu waliwatenga watu wenyewe kwanza, kwa sababu mtu aliye peke yake huuza nguvu zake kwa bei anayoitaja mnunuzi. Halafu anaambiwa upweke wake ndio maendeleo. Mchana mmoja alinijia jikoni, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Tumetawaliwa tena," akasema. "Humu humu ndani."

"Na nani?"

"Na kile cha manjano."

"Na hiki kinene, hakitutawali?"

Alikigeuza mikononi. "Huenda," akasema. "Lakini hiki kinakurudisha kwa wenzako."

Yeye alisema ni kitabu kilichombadilisha. Mimi nadhani ni magugu, na wimbo ule. Huenda ni vyote, sijui. Ninachokumbuka ni kwamba nilitaka kumkumbatia, na mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi.

Kesho yake alinisindikiza mpaka shamba la mwisho la mzunguko, kitabu kwapani. Wanawake waliinua vichwa. Badala ya kuomba radhi akaanza kuwafundisha: himaya zilivyoingia, mabepari wanavyoishi kwa jasho la wengine. Shemeji yake alimwacha aseme, akiegemea jembe.

"Shemeji, huyo bepari unayemtaja, yeye anapalilia?"

"Hapalilii. Anapaliliwa."

"Basi ndiye wewe. Mke anakesha na magugu, wewe umeatamia."

Walicheka mpaka mmoja akashika kiuno. Mume wangu alikifunga kitabu. "Nimesikia," akasema. "Naomba mumrudishe."

Anayetoka na kurudi hulipa uji, hiyo ni kanuni ya egesangio. Lakini shemeji yake alisema mimi sikujitoa, nilitolewa, kwa hiyo aliyenitoa ndiye atakayepika. Kwetu wakati ule mwanamume mwenye nyumba yake hakusimama mekoni. Mama yake angefunika uso. Nilidhani atakataa. Alipika. Moshi ulimliza, uji ukashika madonge, na akaubeba mwenyewe barabarani, watu wa sokoni wakigeuka kumtazama. Akawamiminia mmoja mmoja kwa mkono wake.

"Shemeji, huu ni uji au ni ugali?"

"Ni ubunifu," akajibu.

Wakanywa wote, madonge na yote. Nami nikashika jembe nikaingia kwenye mstari.

Alifariki kabla ya miaka ya sabini kwisha, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kuni zilikuja, maji yakaja, sikumtuma mtu kuyaomba. Desturi yetu ni kwamba jembe halishikwi wakati maiti bado hajazikwa, na miche mipya ya chai niliyokuwa nimepanda ikafunikwa na magugu. Siku za matanga zilipokwisha wanawake walifika alfajiri. Haikuwa zamu yangu. Mwenye zamu aliniachia yake bila kuniambia. Yule shemeji yake alinitolea kiti nje. "Kaa hapo," akasema. "Leo utazame tu."

Nikakaa. Walianza bila wimbo, kwa kunistahi, na nilisikia udongo ukikatwa na pumzi zao. Nilitazama mpaka walipofika katikati ya shamba. Kisha nikainuka, nikachukua jembe langu nyuma ya mlango, nikashuka kuwafuata. Hakuna aliyenizuia.