Tupokigwe na Upepo wa Juu Mbeya

Saa tisa alasiri, katika uwanja wa ndege wa Mbeya, Tupokigwe Mwakyoma anaachia puto jekundu na kuinamia darubini yake. Kila dakika anasoma, anaandika, anaisogeza. Ukimsemesha sasa hakujibu, hata uwe nani.

Puto hupanda mita 180 kwa dakika. Linakopelekwa ndiko kunakomwonyesha mpimaji huyu, mwenye miaka thelathini, upepo wa juu unatoka wapi.

Oktoba mwaka jana, 1975, kazi hiyo nusura imgombanishe na mama yake mzazi. Mama Damari analima mahindi chini ya mlima Loleza, na desturi ya huko ni moja: mawingu yakivimba mchana siku tatu mfululizo, mbegu inaingia ardhini. Yalivimba, na mama akataka kupanda. Kijiji kilikuwa na magunia kumi na moja tu ya mbegu, na mgao mwingine hakuna.

"Subirini," Tupokigwe aliwaambia mkutanoni. "Ule ni unyevu wa kinamasi cha Usangu. Jua linaupandisha, ukifika juu upepo mkavu wa mashariki unaula."

Wakamcheka. Mwenyekiti, Mzee Ambrosi, alimjibu, "Tumelima kabla hilo puto halijashonwa, binti. Haya, tunakupa wiki nne."

"Ningekosea, ningewalaza njaa watu walionilea," anasema Tupokigwe.

Kijiji cha jirani hakikusubiri. Mbegu zao zilipata manyunyu, zikachipua, zikanyauka zote.

Alasiri ya Novemba 19, dakika ya kumi na moja, puto likageuka. Upepo wa juu sasa ulitoka magharibi, upande wa Zaire, nao ulikuja na unyevu wake. Unyevu wa chini ukipanda usingeliwa tena. Tupokigwe alirukia baiskeli na koti lake la kazi mwilini.

"Mama, kesho pandeni."

Siku ya tatu mvua ikashuka, ikakaa wiki nzima. Mwaka huu kijiji kimevuna magunia 260.

"Nimemzaa mimi, kumbe ananipita kuona mbali," anasema Mama Damari, na furaha haimfichiki.

Wakulima wa Iringa nao wameandika barua wakimwomba akawafundishe, naye anapanga kwenda Januari. Ila kwanza ana kazi hapa. Juzi wale majirani walionyaukiwa walifunga ghala lao la mbegu, wakamletea yeye ufunguo.

"Wamesema wao wenyewe hawajiamini wakiona wingu," anasema huku akiupapasa mfukoni. "Upepo ukigeuka, nitakwenda kuwafungulia kwa mkono wangu."