Kumwiga Mzee Kondo Mlangoni Kwake

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nyuma ya ukumbi mmoja wa harusi mtaa wa Sparkhill, huku Uingereza. Nilikuwa nimekodiwa kuchekesha wageni. Mzee Kondo, kiongozi wa kikundi chetu, alinipa maji, akanifunga tai upya, akasema, "Wakikaa kimya usiwakimbie. Kaa nao hapo hapo."

Ninyi mnaoanza kuchekesha sasa msidhani woga huisha. Wangu ulinifuata redioni, nilikoigiza majirani na wagonjwa kwa sauti tu, kisha kwenye chumba cha waandishi wa vichekesho vya televisheni. Huko tulisomeana miswada mezani; mstari usiochekesha ulikatwa palepale, na aliyekatwa sana hakuitwa tena. Mtayarishaji hakufoka. Alipiga mstari wa wino tu, nami nikilowa jasho. Nilihama kazi, nikahama na vyumba, kutoka mtaa wa Castle Vale hadi Bordesley Green, nikidhani kwingine nitatulia.

Kisha Mzee Kondo akafariki. Mkewe, Bi Mwanaidi, akanipigia simu nije nimwige. Mzee alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi, makabila ya watani, na kwetu mtani ndiye humwiga marehemu msibani ili wafiwa wapumue. Nikamwambia wanawe wamezaliwa hapa, hawaujui utani, wataona namtukana baba yao.

"Sasa unataka nimwite nani," akauliza, "Mwingereza?"

Jeneza lilipoinuliwa sebuleni nilikuwa nimevaa koti la mzee. Nikaburuta mguu kama yeye, nikaziba mlango, nikasema kwa sauti yake kwamba sitoki mpaka nipewe chai, na isiwe ya jana. Kimya. Idi, mwanawe mkubwa, akanijia na ngumi, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina wazimu. Sikutoka mlangoni.

"Kondo," akasema Bi Mwanaidi kutoka mkekani, "chai umekunywa miaka yote, shukrani hujui. Toa huo mguu, watu wakuzike."

Akacheka, kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu mumewe afe. Idi akakunjua ngumi, akaenda kumshika mama yake.

Nilistaafu mapema, kwa sababu ya maradhi ya kifua. Jukwaa siliogopi tena. Ninachoogopa ni kufa katika mji huu bila mtu wa kunicheka. Nilimweleza Idi kwamba utani hurithiwa. Huja Jumapili, hunijibu kwa Kiingereza, hujifunza kuniiga huku namtazama. Mwendo bado hajaupata. Kikohozi amekishika vizuri mno.